Lektere inakatala disiki: mbele ya kuitupa, ijaribu na disiki tatu

Mama mukubwa wangu wa Katuba ana DVD moja yenye anaitunza kuliko vikwembe vyake vya sikukuu. Ni filme ya ndoa ya mutoto wake wa kwanza, mwaka 2007. Mule ndani, kuelekea mwisho, nkambo anasimama na fimbo yake, anapatia bwana na bibi arusi mashauri kwa Kiluba, karibu dakika kumi. Nkambo alikufa mwaka uliofuata. Sauti yake haisikilike tena fasi ingine mu hii dunia. Mutu wa kamera alishafuta kaseti yake zamani, akarekodi ndoa ya wengine juu. Njo kazi yake, hatuwezi kumulaumu sana.

Mwezi wa sita, mutoto wa mwisho wa ile nyumba alikuwa karibu kuolewa. Mama mukubwa akasema: «Nkambo atamushauri na yeye pia.» Akaingiza disiki mu ordinatere. Ikazunguka, ikalia krr-krr-krr, ikanyamaza. Ekra ikaomba aingize disiki, kumbe disiki iko ndani. Kijana mumoja wa jirani akapita, akaangalia bila kugusa kitu, akatoa hukumu: «Mama, lektere inakufa. Uza ingine.» Mama akauza ingine, ile ya inje inayofungwa na kable ya USB. Ile nayo ikakatala. Hapo njo akaniita mimi, sababu kwa mawazo yake mutu anayeandika mu gazeti anajua mashini yote.

Mimi sijui kitu. Lakini najua fundi mumoja wa Kamalondo, mwenye meza yake iko chini ya baraza ya sekretariati moja, kati ya mashini ya fotokopi na muuzaji wa mayunite. Tukaenda kwake, ordinatere mu gunia, lektere mpya mu karto yake, disiki mu sakoshi ya mama, imefungwa na kitambaa.

«Mama, salimia. Kilio ao arusi?» Akauliza vile mbele ya kuuliza mashini iko na nini. Kumbe njo disiki zinazomufikia kila siku: vilio na arusi.

Kisha akatuambia neno ambalo nimekuja kuwaandikia hapa. Lektere ikikatala disiki, kuna wagonjwa wawili mezani, siyo mumoja. Inawezekana ni lektere. Inawezekana ni disiki. Na mara zingine, kwa bahati mbaya, ni wote wawili. Mutu anayeuza lektere mpya mbele ya kujua nani ni mugonjwa anatupa makuta, na mutu anayetupa disiki mbele ya kujua anaweza kutupa sauti ya nkambo wake.

Kwa kuelewa namna ya kuwatenganisha, inaomba kujua kidogo namna ile kitu inavyofanya kazi. Disiki haiguswi na sindano kama zile santuri za wazee wetu. Chini yake kuna kajicho kadogo ka kioo, ambako lazeri inapiga nuru kwenda juu. Nuru inagonga tabaka ya metali inayongaa, inarudi, na lektere inasoma namna inavyorudi. Njia ya maandishi ni mustari mumoja tu unaozunguka kama konokono, unaanzia karibu na tundu la katikati, unaenda inje. Ku CD, ukiunyoosha ule mustari, unapita kilomita 5. Upana kati ya muzunguko na muzunguko ni mikrometa 1,6. Ku DVD ni 0,74. Unywele wa mutu ni munene mara nyingi kuliko ile. Basi kavumbi kenye hauone, kwa kale kajicho ni sawa na jiwe mbele ya mulango.

Fundi hakufungua kitu. Alivuta karto moja chini ya meza, akatoa disiki tatu. Ya kwanza ni CD ya muziki ya kiwanda, yaani ile inayouzishwa ikiwa imeandikwa tayari. Ya pili ni DVD ya filme, ya kiwanda pia. Ya tatu ni DVD ya kugrava, aliyoiandika yeye mwenyewe na anajua kwamba ni nzima kabisa. Akasema hizi tatu zinamulisha kuliko turnevisi yake.

Sababu ni hii. Lektere ya DVD ina lazeri mbili: ya CD, ya nanometa 780, na ya DVD, ya nanometa 650. Mara nyingi zote mbili zinapita ku kajicho kamoja, lakini moja inaweza kuzima na ingine kubaki. Kwa hiyo kama lektere yako inakuonyesha filme bila shida lakini CD zote inazikatala, hata kisha kuisafisha, usitafute mbali: lazeri moja imekufa, na ile haina dawa. Ni hapo tu njo kijana wa jirani ana haki ya kusema uza ingine.

Kama inasoma zile mbili za kiwanda na kukatala ile ya kugrava, maana yake ni ingine. Disiki za kugrava mara nyingi zinarudisha nuru pungufu kuliko za kiwanda, na zile za kuandika na kufuta, zenye herufi RW, zinarudisha kidogo sana. Lazeri iliyochoka, ao kajicho kenye uchafu, kanaanza kushindwa kwanza na zile. Ni kama muzee ambaye macho yake yanapunguka: anasoma bado kichwa cha gazeti, lakini maandishi madogo yanamushinda.

Kama inakatala zote tatu, unaangalia kwanza umeme na kable. Na kama inasoma zote tatu, basi acha lektere ipumuzike. Mugonjwa ni disiki yako.

Lektere ya mama mukubwa ilisoma CD kisha kusitasita. Ilisoma filme. Ya kugrava ikaikatala, krr-krr-krr, kama vile nyumbani.

«Mama, ordinatere inakaaka wapi?»

«Ku salo, mwanangu.»

«Na mbabula?»

Mama akacheka. Wakati wa baridi, mbabula inaingia ku salo pia. Fundi akatikisa kichwa. Moshi wa makala na mafuta ya kukaanga vinapanda, vinakaa juu ya kile kioo kama ngozi nyembamba, kisha vumbi nyekundu ya mu kiangazi inanata juu yake. Lubumbashi kati ya mwezi wa tano na wa kumi, ni nani asiyejua ile vumbi? Aliongeza kitu ambacho sikukijua: asubuhi ya mwezi wa sita ao wa saba, ukitosha lektere ao ordinatere mu baridi na kuiingiza mu nyumba ya moto, mvuke unakaa ku kajicho kama ku kioo cha miwani. Unaiacha saa moja ao mbili bila kuiwasha, inakauka yenyewe. Kuna watu walishauza lektere mpya juu ya mvuke tu.

Kusafisha kajicho siyo kazi ya ajabu, lakini inaomba mukono mwepesi. Ku ordinatere ya kubeba, unabonyeza buto, sahani inatoka, na kajicho kanatoka pamoja nayo, kanakuangalia. Ku ordinatere ya mezani, kajicho kanabaki ndani. Unazima, unachomoa kable zote, unafungua visi ine za chini ya lektere. Kama sahani inakatala kutoka, ku uso wa lektere kuna katundu kadogo: ingiza ncha ya tromboni iliyonyooshwa, sukuma polepole, itafunguka hata bila umeme. Kisha unachukua kotontije, ile ya kusafishia masikio, unailowesha kidogo na alkole ya izopropili. Unagusa, unazungusha mara mbili, unaacha. Kale kajicho kamesimama juu ya vichuma vyembamba sana, ukikandamiza unavipinda na mambo imekwisha. Unangoja kakauke, unafunga yote, njo unawasha. Usiwashe kamwe lektere ikiwa wazi ili kuona kama lazeri inawaka. Ile ya CD karibu haionekane na jicho la mutu, lakini kuharibu jicho inaweza.

«Hapana parfime,» akasema, «hapana esanse, hapana petroli.» Kuna mutu alimuletea siku moja lektere inayonuka lutuku. Yule bwana alifikiri kwamba alkole ni alkole. Lutuku ina maji na mafuta yake mwenyewe, ikikauka inaacha alama ku kioo. «Na tena,» fundi akasema, «ni kuharibu kinywaji.»

Kisha kusafisha, lektere ya zamani ya mama ilisoma disiki zote tatu. Ile ya kugrava ilichelewa kidogo, lakini ikaingia.

Na ile mpya, yenye aliuza bure? Fundi aliifunga nyuma ya ordinatere yake. Ikasoma mara moja. Akaihamisha ku porte ya mbele ya ordinatere ya mama, mule alikuwa anaifunga nyumbani: ikaanza kulia tik-tik na kuzima. Lektere ya inje inakula umeme mingi wakati inaanza kuzungusha disiki. Porte ya USB 2 inapaswa kutoa miliampere 500 tu, na nyingi za mbele, zenye kable ndefu na nyembamba, hazifikishe hata ile. Ni kwa hiyo zingine zinauzishwa na kable ya vichwa viwili, ambavyo vyote viwili inafaa kuvifunga. Basi ile haikuwa na ugonjwa hata kidogo. Ilikuwa na njaa.

Fundi alitusimulia pia mambo ambayo yanafanana na ugonjwa wa lektere na siyo yeye. Ninayapitia mbio, sababu mama mukubwa hakuwa nayo, lakini musomaji mwengine anaweza kuwa nayo leo. Kama lektere haionekane hata mu «Ce PC», unaingia mu «Gestionnaire de périphériques» na kuangalia fasi ya malektere ya DVD. Kama kuna alama ya manjano, unabonyeza kuume, «Désinstaller», unazima na kuwasha tena. Windows itairudisha yenyewe. Kama haiko hata pale, ni kable ya ndani imelegea ao umeme haifike. Kama unaona fishie za filme lakini filme haichezi, lektere yako ni nzima: tangu Windows 8 kuendelea, Microsoft ilitosha ndani yake kifaa cha kuchezesha DVD. Unaweka VLC, ambayo ni ya bure, na filme inatembea.

Tena, kuna ndugu zetu wa Bulaya. Mutu anatumiwa DVD za kiwanda kutoka Ubelgiji, lektere inazikatala, anasema ni mbovu. DVD za filme ziligawanywa kwa maeneo: Ulaya ya mangaribi ni 2, Kongo yetu ni 5. Lektere ya ordinatere inakubali kubadilisha eneo mara 5 tu. Kisha ile ya tano, inabaki pale milele. Filme ya arusi yenye fundi wa kartye aligrava haina ile shida. Yenyewe inaweza kuwa na ingine: kama mutu aliandika na hakuifunga mwishoni, ile wanaita «finaliser», inachezeka kwa mashini iliyoiandika tu. Ikiwa ile mashini ingaliko, rudisha disiki kwake aifunge.

Sasa tukafika ku mugonjwa wa pili. Mama mukubwa alifungua kitambaa chake, na mimi niliona haya kwa niaba ya familia. Juu ya disiki kulikuwa skochi ya zamani iliyoandikwa jina kwa bik. Chini yake, alama za vidole vya watoto, mustari mumoja murefu, na ku ukingo doa la kitu kinachonata, nazani ni ubuyu wa siku za arusi.

Fundi aliigeuza mbele ya taa muda murefu. Skochi kwanza: haikupenda hata kidogo, sababu disiki ikizunguka mbio, kauzito kadogo upande mumoja kanaitingisha, na nuru haikamate tena njia. Lakini hakuing'oa kwa nguvu. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalipindua. Tunaogopa mikwaruzo ya upande unaongaa, na upande wa maandishi tunauandika, tunaubandika, tunauweka chini. Kumbe ku CD, maandishi yote yanakaa karibu kabisa na upande wa juu, chini ya rangi tu. Upande unaongaa ni plastiki zaidi ya milimeta moja, mukwaruzo wake unaweza kupolishwa. Wa juu ukichubuka, maandishi yametoka pamoja na rangi. Inua CD mbele ya taa: pale unaona tundu la nuru, pale hakuna tena kitu cha kusoma. DVD ina bahati kidogo, yenyewe ni plastiki mbili zilizobandikwa, na maandishi iko katikati. Lakini ukivuta skochi kwa nguvu unaweza kuzibandua. Akaikata ncha, akaiacha pale ilipokamata sana, akapima kama ingali na usawa.

Kisha akaiosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, kidole. Akapanguza na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda inje, moja kwa moja, sawa na miale ya jua. Siyo kwa kuzunguka! Lektere ina akili ya kujaza kipande kidogo kilichopotea, na mukwaruzo unaokata njia inapita juu yake bila shida. Mukwaruzo unaofuata njia unaharibu maandishi mengi yanayofuatana, na pale ile akili inashindwa. Mutu anayepanguza kwa kuzunguka, na kamchanga kamoja mu kitambaa, anauchora ule mukwaruzo mubaya kwa mukono wake. Dawa ya meno, yenye kila mutu anaishauri? Fundi anaitumia mara moja moja, kwa mukwaruzo wa juujuu wa upande unaongaa, kisha kushindwa yote. Kwa kuanza, hapana.

Jambo moja hakucheka nalo: aliangalia kama kuna ufa karibu na tundu la katikati. Lektere ya mezani ya CD yenye mwendo wa 52x inazungusha disiki zaidi ya mara 10 000 kwa dakika. Disiki yenye ufa inaweza kupasuka mule ndani. Ile hairudishwe mu mashini, hata kama ni ya arusi yako.

Yetu haikuwa na ufa. Akaiingiza mu lektere ya mama, ikafunguka. Arusi ikaanza, watu wakatoka ku kanisa, mama mukubwa akapiga makofi. Fundi akasimamisha filme palepale. Mama akamuangalia kwa hasira.

«Mama, tusiiangalie. Tuikopi kwanza. Kila mara inazunguka, inaweza kuwa ya mwisho.»

Rangi ambayo lazeri inaichoma wakati wa kugrava inapunguka na miaka, mbio zaidi kwa joto na jua. Na disiki yetu ilikuwa imejaa karibu yote, giga 4 na zaidi. Kwa sababu njia inaanzia ndani kwenda inje, mashauri ya nkambo yalikuwa pale ku ukingo, chini ya vidole vyote vya familia. Fundi alitumia programu ya bure mu Linux, inaitwa ddrescue. Kukopi kwa kawaida kunasimama ku kosa la kwanza. Yenyewe inachukua kwanza fasi zote nyepesi, inaandika mu kafishie pale iliposhindwa, kisha inarudi kujaribu fasi ngumu tena na tena. Na kitu cha muzuri kuliko yote: unaweza kutosha disiki, kuiweka mu lektere ingine, na inaendelea pale ilipoachia. Malektere hazionage sawa. Lektere ya mama ilibakiza vipande vingi ku ukingo. Ile mpya ya USB, tuliyoicheka asubuhi, ikachukua karibu vyote.

Ilikuwa saa kumi jioni wakati ilimalizika. Nkambo akasimama na fimbo yake. Picha iliganda mara mbili, na sauti ikakatika nayo, pengine sekunde tano, pengine saba. Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili mama mukubwa akamalizia mwenyewe, kwa Kiluba, bila kuangalia ekra, na wakati sauti ilirudi walikuwa wamefika ku neno moja.

Fundi aliuliza ni kopi ngapi. Mama akahesabu kwa vidole: moja ku disiki dire ya ordinatere, moja ku kle ya bibi arusi, moja ku kle itakayoenda kwa mudogo wake wa Kolwezi. Disiki yenyewe akaifunga tena mu kitambaa. Skochi ingali juu yake.